Hesabu ya Noti za Bluu

Ngara, 11 Mei 2025

Shangazi yangu Leonsia,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zipungue? Mimi sijambo. Tumefanya mitihani ya nusu muhula nami nimekuwa wa nne, ila Hesabu imenivuta chini tena. Baba alipita wiki iliyopita akaniletea karanga. Anasema migomba ya nyuma ya nyumba imepata ugonjwa, lakini ile aliyoipanda Bibi bado mizima. Huku mlimani nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu haziruhusiwi bwenini. Barua nitampa kondakta Juvenali, maana anasema gari lao linasimama Nyakahura kila safari.

Shangazi, nina jambo. Mwezi wa kumi na moja kutakuwa na mashindano ya utafiti ya wanafunzi Bukoba, na kila shule itapeleka kazi moja tu. Mwalimu wetu wa Historia, Mwalimu Gozbert, alituonyesha kurasa za kitabu cha watu wanaokusanya pesa za zamani. Pembeni ya noti ya shilingi ishirini, ile ya bluu, limeandikwa neno moja tu: adimu. Nikauliza, "Mwalimu, zimebaki ngapi?" Akasema hakuna anayejua. Wakusanyaji huhesabu zinazouzwa mijini. Za vijijini hakuna aliyewahi kuziulizia.

Hapo nikakumbuka noti ya mama. Mwalimu ni mtu wa Moshi, hakuwahi kuisikia, nikamweleza kwamba kwetu mahari ikiletwa, mama wa binti hupewa noti moja mkononi, naye haitumii maadamu ndoa ipo. Mama akifa, noti inakuwa ya binti. Mwalimu akasema, "Diana, hiyo ndiyo kazi yako."

Walioolewa miaka ya themanini wengi walipokelewa kwa noti ile ya bluu. Ningependa kujua zimebaki ngapi kwa upande wetu. Mabawe nitafanya mwenyewe likizo ya Juni, nikienda kwa akina Mama. Nyakahura nakuomba wewe, maana kila mtu anapita kwenye cherehani yako. Nina hamu sana ya kufika Bukoba, Shangazi, ila usimwambie Baba, nisije nikashindwa.

Na yako ikoje? Nataka iwe ya kwanza kwenye daftari.

Mwanao,
Diana

Nyakahura, 1 Juni 2025

Diana, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Goti bado ni langu, silikani. Barua yako imekaa kwenye koti la Juvenali siku kumi na tisa. Ningemsema mpaka akome, ila koti lenyewe alilileta kwangu nimbadilishie zipu, na mimi ndiye niliyeikuta barua mfukoni. Akasema, "Fundi, si imefika?"

Hapa tu wazima. Jirani yangu Suzan amepata wajukuu mapacha na hajalala vizuri tangu hapo, ingawa watoto si wake. Mahindi yameanza kushuka bei.

Habari ya noti nimeianza. Usidhani ni rahisi. Tangu lile tangazo la benki la kurudisha noti za zamani, ukimuuliza mtu habari za noti anatazama nyuma yako kama umekuja na polisi. Nilianzia kwa Eufrazia. Akanipokea mlangoni mikono kiunoni.

"Leonsia, siku hizi unafanyia kazi benki? Cherehani imekushinda?"

"Nimekuja kuiona, sikuja kuila."

"Wewe? Wewe unayekula na viazi vibichi?"

Tukacheka, akanikaribisha. Noti yake iko ndani ya kitabu cha nyimbo, imekunjwa mara tatu. Pembe moja imeungua. Nyumba yao iliposhika moto mwaka ule wa kiangazi kikali, Eufrazia aliacha godoro, akaacha sufuria, akatoka na kitabu kile. Mimi niliuona moto huo kwa macho yangu. Nilidhani alikuwa anaokoa nyimbo.

Nitaendelea siku zisizo za gulio. Soma Hesabu.

Shangazi yako,
Leonsia

Mabawe, 23 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Bibi Restituta anakusalimu sana, na anasema gauni ulilomshonea Krismasi limembana kwa sababu amenenepa, wala si kosa lako. Mama naye yuko hapa, tunavuna maharage pamoja. Mgongo unaniuma lakini nimefurahi kuwa nyumbani.

Nimetembelea nyumba kumi na tano na nimeona noti nne. Ya Bibi Restituta ni ya bluu na safi, utadhani imetoka benki jana. Ameihifadhi kwenye kopo la chumvi, chumvi yenyewe juu na noti chini, ili mwizi achoke kabla hajaifikia. Mama mmoja alinionyesha walichomwachia mchwa: kipande cha upana wa kucha. Aliniuliza kama kipande kinahesabiwa. Nikasema hapana, na nikajisikia vibaya njia nzima.

Nilisahau kukwambia jambo kubwa. Mwalimu anasema kila noti ina herufi mbili na tarakimu sita, na hakuna mbili zinazofanana. Namba ndiyo inayoonyesha kwamba noti imeonekana kweli. Tafadhali iandike kila mara, na uandike pia mikunjo, matundu na madoa. Ile ya Eufrazia itabidi urudi kwake.

Yako bado sijaipata kwenye orodha. Labda umesahau.

Diana

Nyakahura, 20 Julai 2025

Diana,

Marahaba, na umsalimie Restituta. Mwambie alete gauni, nitaliachia pembeni, kitambaa cha akiba kipo ndani ya mshono.

Nimemaliza. Nyumba ishirini na sita, noti nane. Namba zote ziko kwenye karatasi ya pili, nimeziandika kwa kalamu nyekundu nisichanganye na vipimo vya wateja. Wiki mbili nimeshona sare za shule huku akili iko kwenye noti, mpaka kaptura moja nikaifunga miguu yote miwili.

Nikwambie ukweli, nimeishi hapa karibu maisha yangu yote na sikujua nakaa na watu wa namna hii. Kuna mama ameilaza ndani ya fremu nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu. Mwingine hana mlango wa maana, ni gunia tu, lakini noti ameishonea ndani ya pindo la sketi ya kanisani, na mshono wake umenyooka kuliko wangu. Consolatha alinikalisha kwanza, akanipikia chai, akaingia chumbani, akakaa huko muda mrefu, halafu akatoka nayo kwenye sahani kama anabeba yai. Suzan hivyohivyo. Mke wa Ndizeye naye alisema nirudi kesho, niliporudi ilikuwepo mezani. Hata Mama Happy, mke wa Mayunga, wale Wasukuma wa ng'ombe kule bondeni, nimeikuta anayo.

Hao watu hawana bati zima juu ya nyumba, Diana, na hiyo karatasi hawajaigusa. Andika hivyo kwenye kazi yako. Andika kwa lugha nzuri.

Leonsia

Ngara, 3 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shule imefunguliwa na mimi ni mzima. Nimepewa kitanda cha juu karibu na dirisha, baridi ni kali lakini naona taa za mjini.

Asante. Asante sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mkunjo umeanza kuchanika. Zako nane na zangu nne ni noti kumi na mbili katika nyumba arobaini na moja. Nimekabidhi rasimu kwa Mwalimu Gozbert, naye alisoma sehemu ya Eufrazia na moto mbele ya darasa zima. Hakuna aliyecheka. Akasema kazi zinazoshindania nafasi ya shule zimebaki mbili, yangu na ya dada mmoja wa kidato cha nne kuhusu nyuki.

6 Agosti. Barua hii sikuwahi kumpa Juvenali, na sasa naiendeleza. Jana nilipanga namba zote kwa mfuatano, kama Mwalimu alivyotaka. Shangazi, HN 418306 imejirudia mara nne. Kwa Consolatha, kwa Suzan, kwa mke wa Ndizeye na kwa Mama Happy. Je, ulinakili vibaya? Labda uliangalia karatasi moja wakati unaandika nyingine? Sikulaumu hata kidogo.

Diana

Nyakahura, 17 Agosti 2025

Diana,

Nina miaka thelathini napima viuno na mabega ya watu wa tarafa hii. Namba ninayoiandika ndiyo niliyoiona.

Acha kwanza. Usiandike kitu, usimuulize mtu. Nina sare arobaini za kumaliza.

Leonsia

Ngara, 31 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kama nilikukosea. Sikutaka kusema hujui kuandika namba. Nilitaka kusema kwamba sijui nifanye nini.

Mwalimu anataka kazi iliyokamilika tarehe thelathini Septemba. Rafiki yangu Scolastica ananiambia, "Waamuzi wa Bukoba watakwenda Nyakahura kukagua? Badilisha tarakimu ya mwisho tu." Shangazi, nilijaribu. Niliandika 418307 kwa penseli kwenye mstari wa Suzan. Nilikaa nikiitazama, kisha nikafuta, na karatasi ikachubuka pale. Sasa kila nikifungua ukurasa huo naona mchubuko.

Nikizitoa tatu, zinabaki tisa, na nitakuwa nimemwambia Mwalimu kwamba alisoma uongo mbele ya darasa. Nikiziacha, nitasimama Bukoba na kitu ninachokijua si kweli. Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja.

Diana

Nyakahura, 14 Septemba 2025

Diana, mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakwepa, na nitakwambia nilichokuwa nakwepa. Keti vizuri, barua hii ni ndefu.

Jambo la kwanza nililokuficha ni harufu. Noti ya Consolatha ilinukia samli. Consolatha hana hata mbuzi. Ya Suzan ikanukia samli, na ya mke wa Ndizeye vilevile. Pua yangu ilijua kabla ya macho yako, na nikajiambia nisilione hilo.

Unajua tunavyofanya mgeni akija. Viti vinatoka kwa jirani wa kulia, chupa ya chai kwa jirani wa kushoto, shuka jeupe linatoka kwa mwenye harusi ya karibuni. Mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kwao na hakuna anayesema neno. Nilipotangaza kwamba napita kuona noti ya mama, nilikuwa mgeni. Wakaniazimia.

Sasa ningejuaje noti ni ya nani bila kumvua mtu nguo sokoni? Nikawaza wiki nzima nikikanyaga cherehani. Mwisho nikatangaza kwamba nashona vifuko vya kuhifadhia noti, kwa vipande vya kitenge vilivyobaki, bure, kwa wote wanane. Kila mmoja aje na noti yake nipime. Siku ya gulio, saa tatu asubuhi, wote saa hiyohiyo.

Eufrazia alikuja wa kwanza, akachagua kitenge cha njano. Wale watatu wengine wenye noti zao wakaja. Consolatha akatuma salamu kwamba kichwa kinampasuka. Suzan akasema mbuzi amekata kamba. Mke wa Ndizeye alituma habari kwamba yuko msibani Lusahunga, na mimi namwona ng'ambo ya barabara anachagua dagaa.

Saa nne kasoro akaja Mama Happy, amefunga kanga mbili, vumbi mpaka magotini.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, Mama Happy. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo. Leo hakuna aliyeiomba."

Nikaacha mkasi. Nikamuuliza siku zile nilipokuwa napita aliwaazima wangapi.

"Watatu. Consolatha alikuja mbio na unga mikononi, nikajua uko karibu."

"Na wewe hukuniambia."

"Hukuniuliza." Akanitazama, halafu akasema taratibu, "Na wewe, fundi, kuna mtu niliyewahi kumwambia habari yako?"

Diana, hapo ndipo nilipokaa chini.

Umeniuliza mara mbili noti yangu iko wapi, nami nikapita kando. Sina. Niliolewa mwaka 1988 na Bibi yako akapewa noti ya bluu mkononi. Mwaka 1994 nikarudi nyumbani. Sababu ni zangu, na hutaniuliza. Ng'ombe walirudishwa, na Bibi yako akarudisha na noti, kwa kuwa hukaa maadamu ndoa inakaa. Hakulia. Alifagia uwanja siku nzima.

Halafu 2006 watu wa Mabawe walikuja kutuona kabla ya kumtoa mama yako kwa kaka yangu. Wanawake waliokuja nao wangetaka kuona noti za nyumba yetu. Binti wa nyumba alikuwa mmoja tu, mimi. Mkono wa Bibi yako ungekuwa mtupu, na wangesema hii ni nyumba ya wanaorudi. Alfajiri nilishuka bondeni kwa mke wa Mayunga. Tulikuwa tunawacheka wale, Diana, namna wanavyosema Kiswahili na namna wanavyonuka maziwa. Alinisikiliza, akaingia ndani, akanipa noti. Hakuuliza nitairudisha lini. Bibi yako aliionyesha mchana, mama yako akaolewa, na wewe uko hapo unasoma.

Kwa hiyo kuazima noti nilianzisha mimi. Wenzangu waliniona nikitoka bondeni, wakajifunza.

Na ile yake haikuwa ya mahari hata kidogo. Alinieleza nilipokuwa nampima kifuko. Walifika hapa 1989 wakitoka Shinyanga na hawakuwa na mtu. Ni pesa ya kwanza aliyopata Nyakahura, kwa samli aliyoiuza gulioni. Akaiweka kwenye kibuyu cha samli ili akumbuke kwamba kuna siku watu wa hapa walinunua chake.

Ninakuomba mambo matatu. Noti HN 418306 iandike kwa jina lake kamili, Ngolo mke wa Mayunga. Wale watatu usiwataje, waache waseme wenyewe. Na kama una safu ya nyumba zisizo na noti, juu kabisa andika: Leonsia, fundi cherehani, Nyakahura. Hakuna.

Sijui kama hii itakufikisha Bukoba. Inawezekana nimekuharibia.

Shangazi yako

Ngara, 26 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Safari hii Juvenali ameleta barua siku ya tatu. Niliisoma nyuma ya maktaba, nikairudia, na kengele ya chakula ikanipita.

Nilikwenda kwa Mwalimu Gozbert na kumwambia kwamba ni noti tisa, wala si kumi na mbili. Alivua miwani. "Nilisoma kumi na mbili mbele ya watu sitini," akasema. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akauliza nimejuaje. Nikamweleza harufu ya samli na vifuko na saa tatu asubuhi, bila jina la mtu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza huyo aliyefikiria vifuko amesoma chuo gani. Nikasema ni darasa la saba, Nyakahura. Akasema kazi ya nyuki ni nzuri sana na hawezi kuniahidi kitu, ila kesho yake alisimama darasani akasahihisha namba kwa mdomo wake mwenyewe.

Safu ya "hakuna" haikuwepo. Nimeitengeneza. Jina lako nililiandika usiku wa Jumanne na kulifuta, nikaliandika tena Jumatano kwa wino. Sikupenda kulifuta wala kuliandika. Lakini nikafikiri, kama Eufrazia anastahili kusomwa mbele ya darasa kwa kutoka motoni na noti yake, na wewe ulishuka bondeni alfajiri.

Baba sijamwambia chochote. Hilo ni lako.

Nilipokuwa mdogo nilitaka kuwa mhasibu. Sasa nataka kuwa mtu anayejua kuuliza kama wewe.

Diana

Nyakahura, 19 Oktoba 2025

Diana,

Marahaba. Habari ya kwamba shule imechagua kazi yako nimeipata kwa kaka, ambaye amepiga simu akipiga kelele utadhani mimi ndiye nimeziba masikio. Kumbe hukumwambia mpaka umechaguliwa. Amelia, ila anasema ni mafua.

Nami nikamweleza ya 2006. Akasema, "Kwa hiyo mimi nina deni la ndama kwa Mayunga." Nikamwambia apeleke mwenyewe, asinitume.

Sasa sikia. Barua yako nilimsomea Eufrazia, pale kwenye jina langu. Eufrazia si mtu wa kufunga mdomo. Jumapili baada ya misa nimekaa nje ya kibanda, Consolatha akaja, akasimama katikati ya watu wote wanaonunua nyanya.

"Leonsia! Nimesikia una daftari la wasio na noti."

"Ninalo."

"Niandike. Sina. Niliibadilisha benki Biharamulo mwaka ule walipotangaza ni mwisho, nikanunua kwinini ya mtoto. Mtoto yuko Geita, ana watoto wanne. Andika na hilo."

Suzan akaja nyuma yake. Yake ilisafishwa kwa sabuni na majivu na marehemu mkwe wake, ili ing'are, ikawa uji ndani ya beseni. Mke wa Ndizeye akasema yeye hakuwahi kupewa, mahari yao ilikuwa asali, na miaka yote ameogopa kusema. Baada ya hapo wakaja hata wale niliowakuta hawana siku ya kwanza, kila mtu na namna yake ya kupoteza. Mmoja aliikuta kwa panya. Mwingine mume aliinywa. Watu walikuwa wanacheka, Diana, lakini hawakuwa wanachekana. Mama Happy alikaa kwenye benchi langu anasikiliza, kifuko chake shingoni.

Ukurasa nimeuweka humu. Wanasema ukifika Bukoba uusome kwa sauti, na usiruke mtu.

Vaa sketi ile ya bluu nyeusi. Pindo nimelishusha.

Leonsia

Bukoba, 15 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka bweni tulilolazwa, wasichana sita chumba kimoja, na ziwa linaonekana kidogo kati ya mapaa mawili. Tumekula samaki mara mbili.

Tumekuwa wa tatu kati ya shule kumi na moja. Nimesema tumekuwa, kwa sababu kwenye jalada yapo majina mawili na la kwanza ni lako.

Nilisoma jedwali la noti tisa, namba moja moja. Kisha nikafungua ukurasa wako. Mwamuzi mmoja, baba mwenye mvi, akaninyanyulia kalamu: "Binti, utafiti wako ni wa noti zilizobaki. Hawa wasio nazo wanatuhusu nini?"

Nikasema, "Mzee, ukisikia noti ni adimu unajua tu kwamba zimekwenda. Hapa tumeandika zilikokwenda." Nikasoma. Consolatha na kwinini, Suzan na beseni, mke wa Ndizeye na asali. Jina lako nililisoma la kwanza, kwa sauti ileile.

Nilipomaliza yule mzee hakuandika alama. Alivua saa yake, akaiweka mezani, akasema, "Ya mama yangu ilizikwa naye. Tuliiweka mkononi mwake. Niongeze."

Nikamuuliza ni ya wapi. Akasema Muleba, kijijini kwao.

Nikamwambia, "Samahani Mzee, Muleba haimo kwenye utafiti wetu. Tulihesabu Nyakahura na Mabawe tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama kama mtu anayetoa kazi ya kufanywa nyumbani.

"Basi nendeni Muleba," akasema.

Shangazi, likizo inaanza tarehe tano Desemba. Vipande vya kitenge vimebaki vingapi?

Diana